Shule ndogo ya Gayaza Road kwa mtoto mwenye ADHD: darasa nimelipenda, vani na chakula cha mchana bado

Nianze na jibu kabisa manake najua wazazi wengine mnasoma hapa mkiwa stage mnangoja kamunye, yaani matatu. Kama una mtoto mwenye ADHD, ile hali ya ubongo ambayo mtoto anashindwa kutulia na kuweka umakini, yule anayeambiwa kila siku mtundu, hasikii, hakai, hamalizi kazi, na mnaishi Kampala upande wa Kasangati kwenda Gayaza, hii shule nenda ukaione. Nawapa nyota nne kwa tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya vani na saa ya chakula cha mchana, nitafika huko. Jina siliandiki, mwenye shule ameniomba hivyo kwa sababu madarasa ya chini yameshajaa na hapendi kurudisha watu getini, ila nitaeleza kila nilichokiona ndani ili hata ukienda shule nyingine ya karibu na kwako ujue uangalie nini.

Sisi nyumbani ni Kiswahili tupu. Baba yao ni mwanajeshi, watoto wamekulia kota za barracks, hapo kila kabila lipo na watu wanakutana kwenye Kiswahili. Kijana wangu ana miaka 8, yuko P3, yaani darasa la tatu la msingi. Kwa hiyo nyumbani Kiswahili, uwanjani na wenzake Kiganda, darasani Kiingereza. Nalitaja hili mapema kwa sababu linaingia moja kwa moja kwenye hii habari: mtoto ambaye maagizo marefu yanampotea kichwani hata kwa lugha ya mama yake, sasa mpe maagizo manne mfululizo kwa lugha ya tatu, fungua ukurasa fulani, chora mstari, andika tarehe, fanya namba moja mpaka kumi, alafu ticha akigeuka anamkuta bado anatafuta penseli, anasema huyu ana kiburi.

Kuhusu ADHD yenyewe sitakaa sana. Dokta alitueleza kwamba haitoshi mtoto kuwa msumbufu sehemu moja, dalili lazima zionekane zaidi ya sehemu moja, yaani nyumbani na shuleni kwa mfano, ziwe zimekaa miezi 6 au zaidi, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Alitupa fomu, moja ya sisi wazazi na moja ya mwalimu. Akataka macho na masikio yapimwe kwanza. Akauliza usingizi, akauliza degedege, akauliza kama mtoto aliwahi kulazwa na malaria kali, manake hapa hapa Uganda watafiti wamewafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo wakakuta baadhi yao wanabaki na shida ya umakini na kumbukumbu. Kuna pia utafiti wa Mulago uliotoka 2017, uliangalia watoto waliokuwa wanahudhuria kliniki za neva na za akili, karibu 11 katika kila 100 walikuwa na ADHD. Hao ni watoto wa kliniki jamani, msiseme ndio kiwango cha mtaani. Kwa watoto wote duniani makadirio yanazunguka asilimia 5. Lakini hata hiyo 5 tu, chukua darasa la watoto 80 kama tulivyozoea huku, hao ni wanne, na ticha ni mmoja.

Jambo moja la dokta ndilo lililonifanya nianze kuzunguka mashule. Alisema hii hali mara nyingi inatembea kwenye damu ya familia, mtoto anazaliwa nayo, sio shule iliyomletea na sio malezi mabaya, ila mtoto huyo huyo anaweza kufanya vizuri chumba kimoja na kuharibikiwa chumba kingine, kwa hiyo mama angalia chumba. Alisema pia wasichana wengi wanapitwa kwa sababu wao hawarukiruki, wanakaa kimya wanaangalia dirishani na hakuna anayelalamika.

Shule ya zamani nayo siitaji. Ilikuwa na jina zuri, magazeti yakitoka na matokeo ya PLE, ule mtihani wa mwisho wa darasa la saba, inakuwepo, Division One (daraja la juu kabisa) nyingi tu. Darasani watoto themanini na kitu, benchi la watu watano, na kijana wangu kwa sababu anasumbua alikuwa amewekwa nyuma kabisa karibu na mlango, na mlango unatazama barabara. Boda zinapita, muuza maembe anapita, lori la maji linapita, yeye anaona vyote. Asipomaliza kazi anafungiwa breki, yaani muda wa mapumziko, anabaki ndani anaandika wenzake wakicheza. Na fimbo ipo. Sheria ya watoto ilirekebishwa 2016 na inakataza kabisa viboko shuleni, hili kila hedi analijua, lakini fimbo ilikuwa juu ya kabati mbele ya watoto wote. Mtoto akawa Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Basi, hiyo inatosha.

Sasa hii mpya.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba wanakuruhusu uende siku ya kawaida ya masomo. Sio siku ya vizitesheni, ile ya wazazi kutembelea, ambapo watoto wamepakwa mafuta na ukuta umepambwa. Nilienda saa tano asubuhi, mzee wa geti akaandika jina, msichana mdogo akapiga magoti kunisalimia akanipeleka ofisini, na hedi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akaniambia, "Karibu mama, ingia darasani ukae nyuma, sisi tutaongea baadae." Nikakaa nyuma ya P2 mpaka saa ya chakula. Hakuna aliyejali kuwa nipo.

Darasa lina watoto 28. Madawati ni ya watoto wawili wawili na yamepangwa mistari, sio yale makundi ya watoto sita wanaotazamana ambayo sasa hivi yamekuwa fasheni. Nilimuuliza ticha mbona mistari, akasema kwa kazi ya kuandika peke yako, mtoto anayevurugika haraka akiwa anatazamana na watu watano haandiki kitu, ila kwa kazi ya kuongea wanageuza madawati. Chati zote za herufi na namba na picha za wanyama ziko ukuta wa nyuma na wa pembeni, ukuta wa mbele una ubao mweusi, saa na ratiba ya siku tu. Madirisha yako juu kidogo, mwanga unaingia lakini mtoto akikaa haoni uwanja. Na chini ya mabati wameweka silingi bodi. Hii silingi bodi naomba muiheshimu. Mvua ilinyesha nikiwa pale pale, mvua ya Kampala mnaijua, kule kwenye jengo la zamani la P5 ambalo halina silingi masomo yalisimama kabisa, unasikia watoto wanapiga kelele kushindana na bati. Huku kwetu kelele ilikuwepo lakini ticha alikuwa anasikika, na hata hivyo hakushindana nayo, alibadilisha kazi papo hapo, akawaambia wachore mdudu waliyekuwa wanamsoma na waandike majina ya viungo vyake. Hakuna aliyepotezwa.

Sasa kuna kile kiti. Kuna watoto wawili watatu ambao viti vyao vimefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye miguu ya mbele, kutoka mguu huu mpaka ule, usawa wa kifundo cha mtoto. Mtoto anakaa, anaweka miguu kwenye ule mpira, anausukuma, unarudi, anausukuma, unarudi. Hautoi sauti. Mikono inaandika huku miguu inafanya kazi yake chini. Ticha alinieleza kwamba huyu mtoto miguu lazima iende, ukiizuia nguvu zake zote zinaishia kwenye kuzuia miguu na hesabu haioni. Tyubu yenyewe ni ya zamani, fundi baiskeli anakupa bure au kwa shilingi elfu moja. Nimetembelea shule zenye ada mara tatu ya hii zina kompyuta na bwawa la kuogelea na hawana hiki kitu.

Alafu kutembea kumewekwa ndani ya kazi. Ticha hasubiri mtoto ainuke akamfokee, anamtuma kabla hajainuka. Gawa vitabu. Futa ubao. Peleka hii karatasi kwa madam wa P3 urudi. Somo la dakika 30 limekatwa vipande, anaongea kidogo, wanafanya kidogo, anapita anatia tiki, wanaendelea. Ile saa ya ukutani kioo chake kimepakwa maka pen rangi nne, kila robo na rangi yake, anawaambia mkono mrefu ukifika kwenye nyekundu tunaweka penseli chini, na mtoto wangu ambaye dakika kumi kwake ni kama haina mwisho sasa anaona mwisho wake kwa macho. Maagizo anayatoa kwa vidole, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, hayazidi matatu, na wale wanaojulikana wanapotea anawapitia mezani anawauliza kwa sauti ya chini, "Kidole cha pili kilisema nini?" Bila kumuaibisha mbele ya watu. Na kama Kiingereza kimemshinda anarudia kwa Kiganda, hakuna ile ya kuvalishwa kibao shingoni eti umeongea lugha ya nyumbani.

Breki haikatwi. Nilimuuliza hedi swali hili wazi, mtoto asipomaliza kazi breki inakuwaje, akasema breki ni ya mtoto, kazi isiyokwisha tunaipunguza au anaimalizia wakati mwingine, kwa sababu huyo unayemfungia ndani ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote na akikosa kukimbia masomo ya baada ya breki yote umeyapoteza. Kwa jibu hilo peke yake nilikuwa tayari nimeshaamua moyoni.

Fimbo hamna. Kuna kadi. Kila mtoto mwenye shida ana kadi ndogo ya siku yenye mambo matatu tu, ya kijana wangu ni kuanza kazi ukiambiwa, kunyoosha mkono kabla ya kuongea, na kurudi na vitu vyako. Baada ya kila kipindi ticha anatia tiki au anaacha wazi, jioni kadi inakuja nyumbani, mimi nasaini, na tiki zikifika idadi tuliyokubaliana anapata kitu cha hapo hapo, kwetu ni mpira na baba yake nje au kama baba hayupo anachagua chakula cha usiku. Kadi za namna hii wataalam wa ADHD wanazitumia miaka mingi na ni kati ya vitu vilivyochunguzwa sana, sio ubunifu wa hii shule, ila hawa wanaifanya kila siku bila kuchoka na kwa mtoto wa namna hii kufanya kila siku ndio kazi yenyewe, manake zawadi ya mwisho wa termu haimsaidii chochote, mwisho wa termu ni mbali sana kwake.

Kitu kingine kizuri ambacho wazazi wengine wanakilalamikia: hawachukui mtoto wa miaka 5 kuingia P1, hata kama ametoka Top Class, darasa la mwisho la chekechea, anasoma vizuri. Umri wa serikali ni 6 na wao wanaushikilia. Nchi kadhaa zimechunguza hili zikakuta watoto wadogo kuliko wenzao darasani ndio wanaoishia kupewa jina la ADHD zaidi, yaani wakati mwingine ni utoto tu wa mtu aliyewekwa na wakubwa zake. Na huku kwetu kila mtu anakimbiza mtoto amalize P7 na miaka 11.

Ada ni laki nane na nusu kwa termu, chakula cha mchana na uji wa breki ndani yake. Vani ni laki mbili na nusu juu. Rimu za karatasi, toilet pepa, mifagio, vile vya kawaida. Kwa jirani zangu wengi hii ni pesa ambayo haipo na mimi nalijua hilo, ndio maana nimesema ile tyubu na zile rangi kwenye saa, hivyo ticha wa shule ya serikali mwenye watoto 100 bado anaweza, ingawa hawezi kuwagawanya hao 100. Na haki ya kuomba shule imsaidie mtoto unayo, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 inakataza shule kumbagua mtoto kwa ulemavu wake.

Sasa malalamiko.

Vani inamchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu inazunguka mpaka Kira kabla ya kwenda shuleni. Mtoto mwenye ADHD tayari kulala kwake ni vita, analala saa nne usiku, alafu umuamshe saa kumi na moja, hapo unachompelekea ticha ni mtoto aliyechoka na uchovu kwake hauji kama kusinzia, unakuja kama kichaa, anaruka zaidi. Nimemuomba hedi wapange mzunguko wa pili, kasema atafikiria. Kwa sasa siku baba yao yupo anampeleka mwenyewe na kadi ya siku hizo inarudi na tiki nyingi, tofauti naiona kwa macho, nimemuonyesha hedi hizo kadi.

Chakula cha mchana ni fujo. Madarasa yote yanakula pamoja kwenye ukumbi mmoja wa mabati matupu, hakuna silingi, vijiko na sahani za bati, foleni ndefu ya posho (ugali) na maharage. Kazi yote nzuri ya asubuhi inavunjikia hapo. Kijana wangu foleni haiwezi, anasukuma, anasukumwa, ugomvi, maharage chini. Baada ya kulalamika wamekubali P1 mpaka P3 watangulie na yeye awe anagawa vijiko badala ya kusimama tu, imepunguza, haijaisha. Ule ukumbi wauwekee kitu juu.

Jirani yao pia ni fundi wa weldingi, anakata grili za madirisha, na grainda likianza saa nne asubuhi madarasa ya upande ule yanateseka. Shule haina makosa hapo lakini mpango haupo. Omba darasa la upande wa mashamba.

Na walimu sio wote sawa. Mwenye mafunzo ya watoto wenye mahitaji maalum, aliyesomea Chuo Kikuu cha Kyambogo, ni mmoja tu, na ndiye aliyewafundisha wengine haya yote. P1 mpaka P3 wamemuelewa vizuri. P4 kwenda juu nilikaa kidogo na nikaona ile hali ya kawaida ya Uganda inaanza kuingia, maandishi mengi ya kunakili ubaoni, mazoezi ya mitihani, kochingi (masomo ya ziada) ya Jumamosi, na likizo mtoto anarudi na furushi la kazi ambalo mtu mzima angelikimbia. Hedi anasema kwa PLE wataiomba UNEB, baraza la mitihani la taifa, muda wa ziada kwa mtoto anayestahili, kwa kuwa UNEB inaruhusu hilo kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, na mimi nimemwambia tuanze kukusanya karatasi za dokta mapema tusisubiri P7.

Mtoto mwenyewe je? Miujiza hamna. Sweta bado zinapotea, mwandiko bado unapanda na kushuka, na bado anakatiza watu wakiongea. Lakini anasoma, anasoma kitabu kwa sauti mpaka mwisho wa ukurasa, na ripoti ya termu iliyopita ilieleza kazi anazozimaliza na asizozimaliza, yote kwa mifano, hakuna hata sehemu moja iliyoandikwa mvivu. Tumbo la Jumatatu limeisha. Na kuna binti wa jirani yetu, mtulivu sana, yule wa kukaa anaangalia hewani, mama yake alikuwa anasema ni mzito tu, ticha yule yule wa P2 ndiye aliyemuita mama akamwambia huyu naye mpeleke akaonwe, siamini kwamba shule nyingine ingemuona.

Kwa anayetaka kwenda: usaili wanafanya Jumamosi asubuhi, beba daftari za zamani hata kama ni chafu, beba barua ya dokta kama unayo na usiifiche, wanaiuliza wenyewe. Mtoto awe amelala na amekula. Uliza nafasi kwa jengo la upande wa mashamba, uliza nani atakuwa ticha wake mwakani, na omba ukae nyuma darasani kwa darasa atakaloingia, sio lile wanalopenda kuonyesha wageni. Sisi tunabaki mpaka P3 iishe. P4 nimeshamwambia hedi sitalipa mpaka nijue Jumamosi ya kochingi ni lazima au hiari, ameahidi kujibu kabla ya termu kufungwa.